Tulivyousafisha Mfereji wa Kemilembe

Mtu asiniambie tena habari za heshima. Watu wa bonde letu tuna heshima kupita kiasi, na mwaka ule wa hamsini na mbili heshima hiyo ndiyo iliyotutoa kwenye maji yetu wenyewe. Tulitoka tumeoga na tumevaa nguo safi. Nami sikuwa nyuma, nilikuwa mbele kabisa, jembe mkononi.

Naitwa Kokuberwa. Niliolewa na Mutalemwa, upande wa Kyerwa, penye kijito kiitwacho Kijunjo, kinachotoka kwenye vilima vinakochimbwa madini ya bati na kushuka hadi kwenye matete. Kibanja chetu kiko juu ya mteremko, migomba na mibuni kuizunguka nyumba. Hicho ni cha mume wangu, na kabla yake kilikuwa cha baba yake, na kesho kitakuwa cha mwanawe wa kiume. Mwanamke hulima humo, hupalilia, hutandaza nyasi mpaka mgongo ukapinda, lakini siku akifukuzwa huondoka na nguo aliyovaa. Cha mwanamke ni shamba la msimu, la maharage na njugu mawe. Langu lilikuwa bondeni. Halikuwa kubwa, lakini lilizaa hata Julai, wakati vilima vyote vimegeuka rangi ya ngozi ya simba na watu wanakula wanachokihesabu. Lilizaa kwa sababu ya mfereji.

Mfereji ule aliuchimba mama mkwe wangu, Kemilembe, pamoja na wanawake wenzake, enzi za Mjerumani. Ulianzia kwenye jiwe kubwa ubavuni mwa kijito, tuliloliita mlango, ukafuata mteremko kiasi cha nusu maili, ukigawa maji kwa mashamba kumi na moja ya wanawake kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa na zamu yake. Kemilembe alipofariki, shamba lake na zamu yake ya Jumanne vilikuja kwangu. Katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna shemeji aliyewahi kuja kukiulizia.

Mfereji ulikuwa na ila moja tu, nayo ilikuwa pale mlangoni. Maji yalikuwa yamelila lile jiwe mdomoni, yakatengeneza mfuo, na kupitia mfuo huo sehemu ya maji ilikuwa ikirudi mtoni. Kila kiangazi tuliuziba kwa udongo wa mfinyanzi, na kila mvua ikija udongo ulizolewa. Mama mkwe alikuwa akilitukana jiwe lile mbele ya watu. "Kizee hiki," alikuwa akisema, "kinavuja kama mimi." Mgeni akija bondeni, hatukumpitisha upande ule.

Basi, mwanzoni mwa Juni tarishi alifika kwa Kamugisha, mkungu wetu, yaani mkubwa wa kijiji, na habari kwamba Bwana Maji, afisa wa maji wa serikali, anakuja kutoka Bukoba. Kampuni ya bati iliyoko juu inaomba maji ya Kijunjo ya kuoshea mchanga wake. Kwa hiyo Bwana Maji atapima kijito na kuhesabu mifereji na ng'ombe, ajue nani anatumia nini.

Wanaume walikutana kwa Kamugisha jioni ileile. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilipeleka kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na mwenye kupeleka rubisi husikia mengi kuliko mwenye kuinywa. Katika maneno yote ya tarishi, neno moja tu lilikuwa limewakaa wanaume kichwani, nalo ni kuhesabu. Nani hakumbuki? Walihesabu vichwa vyetu, ikaja kodi. Walihesabu ng'ombe wakati wa vita, na wale wanono hatukuwaona tena.

"Sasa ni maji," Kamugisha alisema. "Mwenye mfereji atalipia mfereji. Mwenye ng'ombe atalipia mate ya ng'ombe."

Wakaamua kuficha. Mfereji ufunikwe, ng'ombe wapelekwe ng'ambo ya kilima, na Bwana akiuliza aambiwe kwamba sisi Kijunjo tunakitazama tu kikipita.

Nilikuwa nikiweka kibuyu chini. Nikashindwa kujizuia. "Kama kampuni inaomba maji," nilisema, "nasi tukasema hatuyatumii, si watapewa wao?"

Mume wangu akanitazama kama niliyetema mate katikati ya mkeka. Kamugisha ndiye aliyecheka. Si mtu mbaya Kamugisha, ila anapenda kucheka kabla hajafikiri.

"Mama Placida," akaniita kwa jina la binti yangu wa kwanza, yule aliyeolewa Murongo, "hata wakipewa, mto utahamia wapi? Umewahi kuona Mzungu akibeba mto?"

Wakacheka wote. Nami, badala ya kubaki pale nikabishana hadi jogoo awike, nikachukua kibuyu kitupu nikaenda zangu. Hilo la kwanza ninalojilaumu.

La pili ni kwamba niliifanya kazi ile vizuri mno. Tuliziba mlango kwa mabonge ya majani na udongo, maji yote yakabaki mtoni. Kisha sisi wanawake kumi na mmoja tukaufunika mfereji wote, nusu maili nzima, kwa majani makavu ya migomba na nyasi, kama mtu anavyotandaza kibanjani. Deodatha, jirani yangu ambaye shamba lake linapakana na langu, alipiga hatua kumi nyuma akatazama, akasema hata yeye asingejua pa kukanyaga. Ng'ombe walivushwa kilima. Tulibakiza wanne waliokonda, tusionekane waongo.

Bwana Maji akaja. Alikuwa Mzungu kijana mwenye miguu mirefu na fimbo yenye alama, mpole, wala hakumfokea mtu. Alitupa vijiti majini akavifuata ukingoni huku akitazama saa yake. Alikuja na karani wake, Cassian, Mhaya wa Bukoba mwenye viatu vinavyong'aa na rozari mfukoni, aliyekuwa akitafsiri na kuandika. Wakatuketisha.

"Bwana anauliza nani anatumia maji ya Kijunjo," alisema Cassian.

"Tunakunywa, Bwana," alijibu Kamugisha. "Basi."

"Mashambani?"

"Tunangoja mvua ya Mungu."

"Ng'ombe wangapi?"

"Wanne."

Bwana Maji akanyoosha fimbo kuelekea shamba la Deodatha. Ilikuwa Juni, majani yote ya kilimani yamekauka, na maharage ya Deodatha yamesimama pale, mabichi na yenye maua.

"Anauliza yale yanaishi kwa nini."

Kamugisha hakupepesa jicho. "Umande, Bwana. Bonde letu lina umande mwingi sana."

Cassian akamtazama Kamugisha, akatutazama sisi, akainama akaandika umande. Kamugisha akaweka dole gumba. Usiku ule wanaume walikunywa kama watu waliorudi vitani na mateka. Kesho yake tukauzibua mlango, majani tukayaacha juu ya mfereji.

Karatasi ilikuja mapema Julai. Cassian alipanda baiskeli akaja kutusomea kibarazani kwa Kamugisha, na alisoma polepole, bila kuinua macho. Kampuni imepewa maji yote ya Kijunjo kuanzia juu ya mlango wetu, mwaka mzima, kwa miaka ishirini. Itayapeleka kwenye mashine zake na kuyamwagia upande wa pili wa kilima. Kwa sheria, mwenye kuchukua maji lazima awape waliokuwa wakiyatumia maji mengine badala yake, kwa kadiri ileile waliyokuwa wakitumia. Kwa hiyo kampuni itajenga bomba moja la maji ya kunywa, na birika la kunyweshea ng'ombe wanne. Kwa mashamba, hakuna kitu, kwa kuwa hakuna shamba linalotumia maji ya kijito. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku sitini.

"Ng'ombe wanne," Mutalemwa alirudia, kama mtu aliyeonja kitu asichokijua.

Kumbe Mzungu anaweza kubeba mto. Bila kungoja siku sitini ziishe, walijenga ukuta mdogo juu kule, wakalaza mabomba, na mto ukahama. Maji yalikatika siku ya Jumanne. Nilikuwa nimeshaufungua mfereji wangu, niko shambani na jembe begani nikingoja zamu yangu ifike, na kilichofika ni tope jepesi lililosogea kidogo, likasimama, likanywewa na ardhi mbele ya miguu yangu.

Bomba waliliweka juu, karibu na barabara ya kampuni, mwendo wa kukata pumzi. Lilifunguliwa asubuhi na jioni. Birika la ng'ombe lilikuwa zuri, la saruji, na lilitosha ng'ombe wanne sawasawa. Ng'ombe wa kijiji walikuwa arobaini na watatu. Kila jioni walipigana pale pembe kwa pembe, na wenye ng'ombe wakapigana nyuma yao, na Kamugisha akasimama katikati akisuluhisha ugomvi aliouzaa mwenyewe. Ningecheka kama ningekuwa na mate ya kuchekea. Nilikuwa nikibeba maji kichwani kutoka bombani hadi bondeni, safari sita kwa siku, na kwa kila shina la haragwe nikamwagia kiganja. Kufikia mwisho wa Julai nilikuwa nimeacha nusu ya shamba life ili nusu ipone, na nusu niliyoichagua nayo ilianza kufa.

Nilimwambia mume wangu twende tukapinge.

"Tumeshaweka dole gumba," alisema. "Tukisema sasa tulidanganya, tutafungwa."

"Aliyeweka dole gumba ni Kamugisha. Mimi kidole changu hiki hapa, hakina wino."

"Mama Placida, niache."

"Maharage ya kesho utakula ya nani, Baba Placida?"

Alitoka kwenda kuangalia migomba yake, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo tulikwenda sisi. Mimi na Deodatha tuliamka alfajiri, tukatembea, tukapata lori la kahawa, tukafika Omurushaka mchana tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Cassian alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka moja pale. Tulimkuta akipiga pasi shati. Alituamkia kwa adabu, shikamoo mama, shikamoo mama, akatupa viti. Nikamweleza yote, mfereji, majani, ng'ombe, umande.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka pasi chini. "Nilijua, mama."

"Ulijua?"

"Mimi nimezaliwa kwenye migomba. Nani anatandaza majani kwenye mstari mmoja, nusu maili, nje ya kibanja? Nilikuwa nikikanyaga nasikia chini patupu."

"Na ukaandika umande!"

"Niliandika kilichosemwa. Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa. Ningemwambia Bwana kwamba mkungu wenu anadanganya, angenishukuru, na nyinyi mngenilaani mpaka wajukuu zangu."

Nilichemka kiasi kwamba Deodatha alinishika mkono. Hivi ndivyo tunavyouawa, nilifikiri, kila mtu kwa adabu yake. Lakini Cassian, nimpe haki yake, alitoa karatasi palepale akatuandikia pingamizi, bila kutaka hata yai. Alisema Bwana Maji ni mtu wa kusikia, ila ni mtu wa kuamini macho yake. Atakuja kuona mwenyewe. "Mwonyesheni mfereji," alisema. "Msiongee sana, mwonyesheni tu." Hayo ndiyo maneno yake. Angeongeza neno moja tu juu ya hayo! Lakini nitamlaumuje, naye hakujua anaongea na mtu wa namna gani.

Habari ikaja kwamba Bwana atafika Alhamisi ya tatu ya Agosti. Nikawakusanya wanawake.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Mgeni akija nyumbani kwako humketishi juu ya nyasi za mwezi uliopita. Unazikusanya zile za zamani unazitupa, unafagia, unatandaza mbichi zenye harufu. Mwanamke ambaye mgeni amekuta nyasi zake zimesagika huzungumzwa hadi msibani kwake. Mimi niliolewa katika nyumba ya Kemilembe, na Kemilembe aliniambia siku ya pili tu ya ndoa yangu kwamba uvivu wa mke unaonekana sakafuni.

Nikautazama mfereji. Tulipoondoa majani tuliyofunika, chini kulikuwa na uchafu wa miaka: utelezi wa kijani uliokauka, mizizi ya mti wa mkuyu iliyoingia na kutoka, kingo zilizobomoka na kumong'onyoka, matope meusi yenye konokono waliokufa. Nikaona aibu. Bwana mkubwa atoke Bukoba aje atazame hivi? Aseme hawa ndio wanaotaka maji?

Tulifanya kazi siku nne. Tuliparua utelezi wote. Tulikata mizizi. Tulichimba chini mpaka udongo mwekundu ukatoka, safi, haujawahi kuguswa. Tulinyoosha kingo kwa kamba, nikaazima sepeto kwa fundi wa misheni ili zikae wima kama ukuta wa kanisa. Siku ya tatu Deodatha aliketi chini akasema mgongo umekatika, sehemu ya mwisho tuiache ilivyo, nani ataitazama.

"Iache tuonekane wavivu?" nilimjibu. "Kemilembe angekuona leo!"

Akainuka. Nilimwinua mwenyewe, kwa maneno yangu, sitasahau. Tukaimaliza sehemu ile, tena vizuri kuliko nyingine, na kingo zote mbili tukazitandazia nyasi mbichi.

Mlango nilijiwekea mwenyewe. Nilichagua udongo bora wa mfinyanzi, nikaukanda kwa miguu, nikaujaza kwenye ule mfuo wa jiwe tabaka tatu. Nikausugua kwa kokoto mpaka ukang'aa. Ulipokauka, hungeweza kusema jiwe linaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Lilikuwa jiwe zima, zuri, lisilo na ila. Nilisimama nikafikiri, mama mkwe, umeona? Kizee chako hakivuji tena.

Alhamisi Bwana Maji akafika na fimbo yake na Cassian. Kijiji kizima kilikuja, hata wanaume. Wake zao walikuwa wamewaambia watajipikia wasipokuja. Kamugisha alisimama mbele, akajikohoza, akasema kwamba mara ile ya kwanza walisahau kumwonyesha Bwana mfereji. Alisema walisahau. Nusu maili. Hata hivyo Bwana alitikisa kichwa kukubali, akaanza kutembea.

Alitembea mfereji wote, kutoka mashambani hadi juu. Sisi nyuma. Kila baada ya hatua kadhaa aliinama, akachukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole. Udongo ulikuwa mwekundu, mbichi, unashika vidole. Aligusa mahali tulipokata mizizi, pakiwa bado peupe na penye unyevu. Uso wake, uliokuwa mwema alipoanza, ulikuwa ukifunga taratibu. Tulifika mlangoni. Aliweka mguu wake mmoja juu ya jiwe, kiatu kikiwa nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo wangu, akazungumza na Cassian.

Cassian hakunitazama. "Bwana anauliza mfereji huu ulichimbwa lini."

"Wakati wa Mjerumani," nilisema. Sikungoja mwanaume ajibu.

Bwana Maji akacheka kidogo, bila ubaya, kama unavyocheka mtoto akikuambia hakula sukari na mdomo wote mweupe.

"Anasema umechimbwa wiki hii."

Wanawake wakapiga kelele zote kwa pamoja. Deodatha alionyesha mikono yake yenye malengelenge, akisema tumeusafisha tu, tumeusafisha kwa ajili yake! Cassian alitafsiri, na niliona kwamba kwa kila neno alilotafsiri mambo yalizidi kuharibika, maana malengelenge nayo yalikuwa ya wiki hii. Bwana akasema kitu kirefu, kwa upole.

"Anasema yeye hataki kuwanyima," Cassian alisema. "Anasema karatasi ya kwanza inasema hakuna mfereji, na anachokiona leo ni kipya chote. Anaomba mmwonyeshe kitu kimoja cha zamani. Kimoja tu kinatosha, naye ataandika."

Nataka niseme ukweli hapa. Nililitazama lile jiwe. Nilitazama kiatu chake pale juu, na nikakumbuka ule mfuo wetu uliokuwa chini ya kiatu kile, na kitu nilichohisi kilikuwa shukrani. Nilishukuru kwamba hauonekani.

"Bwana," mume wangu alisema, akijitokeza mbele, na kwa mara ya kwanza tangu shauri hili lianze alitaka kunisaidia, "vya zamani vyote tumeviondoa. Hatukutaka ukute uchafu."

Cassian akatafsiri. Bwana Maji akashusha mguu, akafuta kiatu chake kwenye zile nyasi mbichi, akaandika mstari mmoja.

Pingamizi lilikataliwa. Karatasi ilisema kwamba watu wa bonde walichimba mfereji mpya ili wadai maji ambayo hawakuwa nayo, na kwamba wasirudie. Bomba lingebaki moja. Birika walikubali kuliongeza, litoshe ng'ombe wanane, kwa sababu Bwana aliona mwenyewe jinsi walivyokuwa wakipigana.

Nusu ya shamba langu niliyokuwa nikiinywesha kwa kiganja nayo ilikufa kabla Agosti haijaisha. Nilichuma maharage ya kujaza kikapu kimoja, mengine yamesinyaa ganda, nikayapika, tukala. Mutalemwa alisema ni matamu. Nikamwambia anyamaze.

Siku sitini za pingamizi ziliisha Jumamosi moja ya Septemba. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu. Ilikuja ya nguvu, mara moja, ikapiga mteremko usiku kucha, na asubuhi nilishuka bondeni kutazama kama kuna cha kupanda. Maji ya mvua yalikuwa yakikimbia kwenye mfereji wetu mnyoofu, yakibomoa zile kingo za kamba. Nikaufuata hadi juu, hadi mlangoni.

Udongo wangu ulikuwa umezolewa wote. Tabaka zote tatu. Jiwe lilikuwa wazi, limeoshwa, na mdomoni mwake kulikuwa na ule mfuo. Nilikuwa nimeuona na kuuziba kila mwaka tangu niolewe, lakini naapa sikuwahi kuutazama. Nilipiga magoti nikautia mkono. Uliingia mpaka kifundoni. Ulikuwa mlaini kama ndani ya chungu, umepinda kufuata maji, na pande zote mbili palikuwa na mabonde madogo mahali ambapo wanawake walikuwa wakiegemeza vidole vyao wakiziba, mwaka baada ya mwaka, Kemilembe na wenzake. Hakuna mtu duniani, awe wa Bukoba au wa Ulaya, ambaye angetia mkono mle akasema hiki ni cha wiki hii.

Nililia kwa hasira. Sikulia kwa huzuni, huzuni ilikuja baadaye. Nililipiga lile jiwe ngumi mpaka nikajiumiza, kisha nikaketi kando yake kwenye mvua iliyobaki.

Mume wangu alinikuta pale. Alikuwa amekuja kunitafuta na gunia kichwani la kujikinga. Aliuona ule mfuo, akainama, akautia mkono naye, akautoa, akatikisa kichwa jinsi alivyokuwa akifanya mama yake.

"Linavuja tena," alisema. "Mama Placida, kiangazi kijacho tuwahi. Nitakuletea udongo mapema."

Nikamtazama. Hakuwa akinitania. Alikuwa amesimama pale na gunia lake, mtu mwema, akingoja nimwambie udongo kiasi gani.

"Kiangazi kijacho, Baba Placida," nilisema, "tutakuwa tunazuia maji gani?"

Alilitua gunia. Kisha akaketi kando yangu, na tukabaki pale tukitazama maji ya mvua yakipita kwenye jiwe la mama yake na kurudi mtoni.